Super Spook Jr. ya Heddon kwa besi mdomo-mdogo: samaki anapopiga na kukosa

Anayevua besi mdomo-mdogo (smallmouth bass, samaki wa maji baridi wa Amerika Kaskazini) kwa chambo kinachoelea anaijua hali hii: maji yanapasuka, chambo kinarushwa juu, fimbo inavutwa, na mshipi unarudi mtupu. Kwa Super Spook Jr. hutokea mara nyingi, kwa hiyo tathmini hii haitakaa sana kwenye rangi zake wala umbali kinaorushwa. Tunachopima ni kimoja: chambo hiki kinaita samaki kweli, lakini katika wale wanaokuja, wangapi wanaishia kwenye ndoana, na mnunuzi afanye nini ili wawe wengi zaidi? Hukumu yetu ni kwamba kinafaa kununuliwa. Ila usikifunge kama kilivyotoka kwenye pakiti, wala usikiendeshe kwa mkono uliozoea vyambo vya kuzama.

Ni kipande cha plastiki chenye umbo la sigara, urefu wa inchi 3.5 (karibu sentimita 9), uzito wa nusu aunsi (gramu 14), chenye ndoana mbili za meno matatu, moja tumboni na nyingine mkiani. Ni mdogo wa ukoo wa Zara Spook, chambo ambacho kampuni ya Heddon, iliyoanzia Dowagiac, Michigan, ilikitoa kwa plastiki mwaka 1939 baada ya kukitengeneza kwa mbao kwa miaka mingi. Mtindo haujabadilika: hakina ulimi wa kukizamisha wala kinywa cha kumwaga maji. Mwendo wote unatoka mkononi mwako. Ukigutusha mshipi uliolegea, kichwa kinakwenda kushoto. Ukigutusha tena, kinakwenda kulia. Uzito uko mkiani, ndiyo maana kinaruka mbali hata kwenye upepo, na kikisimama kinaelea mkia ukiwa chini kidogo.

Kwa nini mdogo na si Zara Spook kamili ya inchi 4.5? Sababu iko kwenye jina la samaki. Utaya wa juu wa besi mdomo-mdogo, Micropterus dolomieu kwa jina la kisayansi, hauvuki jicho lake, tofauti na besi mdomo-mkubwa, ambaye ndiye aliyepandikizwa Ziwa Naivasha miaka ya 1920. Mdomo-mkubwa wa kilo moja hukifunika chambo cha sentimita 11 bila taabu. Mdomo-mdogo wa uzito huohuo hulazimika kukigonga, kukikata ubavuni au kukisukuma. Kwenye mito kama Susquehanna ya Pennsylvania au Mississippi ya juu kule Minnesota, ambako samaki wengi ni wa sentimita 30 hadi 40, ukubwa wa Jr. ndio unaofaa. Zara kubwa iweke kwa ajili ya Ziwa St. Clair au mto St. Lawrence, mahali ambapo samaki wa kilo mbili si wa kushangaza.

Sasa tuje kwenye kukosa kwenyewe. Besi hali chakula kwa meno kama mbwa. Hufungua kinywa ghafla na kuvuta maji pamoja na kilichomo. Chambo kinachoelea kiko kwenye mpaka wa maji na hewa, kwa hiyo sehemu ya mvuto ule hunyonya hewa. Kama mshipi umekazwa wakati huohuo, chambo hakiwezi kurudi nyuma hata sentimita tano kuingia kinywani. Juu ya hapo, Spook haiendi kwa mstari mnyofu. Samaki anayepanda kutoka mita tatu chini analenga mahali chambo kilipo, na anapofika juu kimeshakwenda upande wa pili. Mapigo mengi yanapotelea hapo, na ndiyo gharama ya mwendo uleule unaomvutia.

Mengine yanapotea kwa sababu ya mvuvi. Macho yanaona maji yakipasuka, mikono inavuta kabla samaki hajafunga kinywa. Kosa hili ndilo kubwa kuliko yote, na hakuna ndoana ya bei yoyote inayoliponya. Ushauri unaosikika sana ni "hesabu hadi mbili kisha vuta", nao ni bora kuliko kuvuta mara moja, ila una kasoro: unakufanya usimame ukihesabu huku chambo kimekufa juu ya maji, na samaki aliyekosa hapati cha kufukuza. Njia iliyo bora ni kutobadilisha kitu. Maji yakipasuka, endelea na gutusho lilelile, kwa mdundo uleule, kana kwamba hujaona. Kama samaki anacho, gutusho linalofuata litakuwa zito, kama umenasa gunia lililolowa. Hapo zungusha rili mara mbili tatu haraka kuondoa ulegevu, kisha vuta fimbo kwa upande, chini karibu na maji, kwa mwendo mrefu usio wa kushtua. Kama hana, chambo bado kinatembea mbele yake kama samaki mdogo anayekimbia kifo, na besi mdomo-mdogo hurudia mara mbili, mara tatu, wakati mwingine hadi ukingoni mwa mashua.

Tazama ncha ya fimbo na mshipi, usitazame chambo. Ni zoezi gumu kwa wiki ya kwanza. Anayeshindwa ajaribu kuvua alfajiri kabisa, wakati kuona ni shida na mkono unalazimika kungoja uzito.

Lipo jambo la mkono ambalo watu hulisahau, nalo ni ulegevu wenyewe. Spook haitembei bila mshipi uliolegea: unagutusha ncha ya fimbo sentimita 15 au 20 kuelekea chini, halafu unairudisha mbele mara moja ili chambo kiteleze. Maana yake ni kwamba samaki anapopiga, mara nyingi hakuna kilichokazwa kati yako na yeye. Hilo ni zuri kwake, anameza kwa urahisi; kwako ni baya, kwa kuwa ukivuta bila kuzungusha rili kwanza, unavuta ulegevu tu. Upepo wa ubavuni huongeza pinde kwenye mshipi, na kutupa mbali mno huongeza yote mawili. Mtoni, mita 20 hadi 25 zinatosha. Kwenye ziwa angavu, ambako samaki huogopa kivuli cha mashua, itabidi utupe mbali zaidi, na hapo mshipi usiovutika unakuwa wa lazima.

Pigo lililokosa lina habari ndani yake kwa anayelisoma vizuri. Maji yakizunguka nyuma ya chambo bila kukigusa, samaki amekuja, ametazama, ameghairi. Hapa tatizo ni chambo au mwendo, mkono wako hauna kosa. Maji yakiwa matulivu na angavu, gololi zinazolia ndani ya Spook zaweza kuwa kelele kupita kiasi, na rangi ya kung'aa yaweza kuonekana mno. Chagua ile isiyo na rangi, inayopitisha mwanga, au ile ya rangi ya mfupa, upunguze kasi, na baada ya kila hatua nne au tano usimamishe chambo kwa sekunde tatu. Maji yakiwa na mawimbi madogo ya upepo, fanya kinyume: mwendo wa haraka usiosimama, kwa sababu samaki haoni vizuri na unataka aamue kabla hajachunguza.

Chambo kikirushwa hewani, mambo ni mengine. Samaki amekuja kwa hasira au kwa kasi kubwa, na ama kinywa kilikuwa kimefungwa ama mshipi ulikuwa umekazwa. Legeza zaidi kati ya magutusho. Kikiendelea kurushwa, punguza ukubwa wa chambo.

Ukisikia uzito kwa nukta moja kisha ukapotea, kagua vifaa. Chukua ndoana, weka ncha yake juu ya ukucha wa kidole gumba na uivute polepole bila kukandamiza. Ikikwama, ni kali. Ikiteleza, inole au ibadilishe. Ndoana ya mtoni hugonga mawe kila saa, kwa hiyo kipimo hiki kifanywe mara kadhaa kwa siku. Ncha zikiwa kali na bado samaki wanachomoka, tazama fimbo: iliyo ngumu kama upondo hupasua tundu kwenye nyama laini ya pembeni mwa mdomo, na samaki akiruka mara moja ndoana imedondoka. Samaki akikamatwa kwa nje, shavuni au chini ya kidevu, yule alikata upande na ndoana ya mkiani ilimwahi kwa bahati. Ukiwapata wawili wa namna hiyo, ndoana ya nyuma inahitaji kazi.

Na kazi hiyo ndiyo ya kwanza tunayoipendekeza kwa kila anayenunua Super Spook Jr. Toa ndoana ya mkiani, weka nyingine ya meno matatu yenye manyoya, meupe au ya njano-kijani, yenye urefu wa sentimita 4 hadi 5, iliyofungwa kwa uzi kwenye shina. Manyoya yanafanya mambo matatu kwa pamoja. Yanavuta maji, kwa hiyo chambo hakitelezi mbali sana kila upande na samaki anakiwahi. Yanaendelea kupumua chambo kikisimama, na kumpa samaki sababu ya kudaka badala ya kutazama. Tena yanamwonyesha mahali pa kulenga, yaani kwenye ndoana yenyewe. Kwa pesa kidogo kuliko bei ya chambo cha pili, hakuna badiliko linalolipa zaidi.

Fanya hivi: tumia koleo maalumu ya kufungulia pete zile zinazofanana na za funguo, kucha zitavunjika na pete itapinda. Linganisha ndoana mpya na ya zamani kwa kuziweka sambamba kabla ya kufunga. Ukubwa uleule, au hatua moja juu, isizidi hapo. Chagua waya mwembamba na shina fupi. Waya mnene wa baharini unahitaji nguvu nyingi kuingia, na shina refu humpa samaki mkono wa kujikwamua anapotikisa kichwa. Kisha jaza ndoo maji, lowesha manyoya kabisa, uweke chambo kielee. Mgongo na kichwa vibaki juu na mkia uzame kidogo. Kikisimama wima kama boya, umezidisha uzito nyuma: kitagutuka mahali pamoja bila kutembea, na utalaumu mkono bure. Ndoana ya tumboni na ya mkiani zisifikiane. Zikishikana, chambo kinarudi kikipinda pinda, na mtupo huo umekwisha hata samaki akija.

Wapo wanaoondoa meno matatu na kuweka ndoana za jino moja zinazokaa sambamba na mwili. Samaki wanaonaswa hukaa imara zaidi na huachiwa haraka, jambo jema kwa anayerudisha samaki majini. Lakini kwa shida tunayoizungumzia, yaani samaki anayekosa, jino moja linapunguza nafasi ya kumkamata yule anayekata ubavuni. Tungeiweka tumboni na kubakiza meno matatu yenye manyoya nyuma.

Mshipi mkuu uwe wa kusokotwa, unaostahimili mvuto wa pauni 20 hadi 30, kwa sababu hauvutiki na unaelea. Mbele yake funga nailoni ya kawaida ya pauni 15, urefu wa sentimita 60 hivi. Nailoni hiyo ina kazi: ugumu wake unazuia mshipi laini usijizungushe kwenye ndoana ya mbele kila chambo kinapogeuka, na uvutikaji wake mdogo unapoza mvuto wa ghafla. Usiweke florokaboni, aina nyingine ya mshipi, hapo. Inazama, inavuta pua ya chambo chini, na matembezi yanakuwa mazito. Kwenye chambo funga fundo la kitanzi lililo wazi ili pua icheze. Fundo la kukaza moja kwa moja kwenye tundu linaua nusu ya mwendo.

Fimbo ya futi 6 na inchi 8 hadi futi 7, ya nguvu ya kati, yenye ncha inayokubali kupinda. Anayevua akiwa amesimama majini achukue iliyo fupi, maana ncha ndefu itapiga maji kila gutusho. Breki ya rili iwekwe ili mvuto wa mkono wa ghafla uachie mshipi kidogo; mshipi wa kusokotwa na breki iliyofungwa kabisa ni njia ya uhakika ya kung'oa ndoana nyembamba. Akishanaswa, shika fimbo chini na pembeni. Besi mdomo-mdogo anapenda kuruka, na kila mruko ni nafasi ya gramu 14 za plastiki kutikiswa hadi zichomoke.

Kuna fimbo ya pili ambayo haipaswi kukosa karibu na mkono, na hii ndiyo inayoleta samaki wengi waliokosa. Samaki aliyepiga mara mbili na kuacha bado yuko pale, mita moja au mbili chini, amechangamka. Mpe kitu kinachozama polepole. Mnyoo laini wa plastiki wa inchi 4, usio na risasi, uliochomwa katikati kwa ndoana namba 1, unatosha kabisa. Au mrija laini wa inchi 3.5 kwenye kichwa cha risasi cha gramu 3.5 hadi 7, pale ambapo mkondo ni mkali. Tupa mita moja au mbili kupita duara la maji lililobaki, si juu yake, acha kishuke kwa mshipi uliolegea nusu, na tazama mshipi ukiruka au ukienda kando. Kasi ni muhimu. Fimbo hii iwe imeshafungwa na imelala wazi kabla hujaanza. Anayeanza kutafuta chambo kwenye kisanduku wakati duara la maji linafutika amechelewa. Na kabla ya kuitupa, ile Spook isimamishe kwanza sekunde tano hapo ilipo, kisha igutushe mara moja tu. Wengine huja hapo.

Kwa kulinganisha: Rebel Pop-R namba P60, chambo kingine kinachoelea, chenye kinywa kinacholia kikigutushwa, cha inchi 2.5 na robo aunsi, hukosa samaki wachache zaidi. Inakaa mahali pamoja baada ya kila mlio, na besi anadaka kitu kilichosimama. Mtoni wakati wa kiangazi, maji yakiwa machache, nyuma ya mawe na kwenye mikia ya madimbwi, tungeanza na hiyo. Udhaifu wake ni kwamba haitafuti: kwa ukingo wa majani wa mita mia, itakula asubuhi yote. Whopper Plopper 90 ya River2Sea, yenye mkia unaozunguka, huenda mstari mnyofu kwa kuvuta tu, na samaki anaweza kukadiria atakapokutana nayo. Anayeshindwa kutembeza Spook atanasa wengi zaidi kwa hii. Bei yake iko juu kuliko hizo mbili, na mwendo wake hausimami vizuri. Spook Jr. inazishinda zote mbili pale unapotaka kumtoa samaki mbali, kutoka vilindini kwenye maji angavu, kisha ubadilishe mwendo ukiwa unamwona nyuma ya chambo. Kwa hiyo si ya kumpa anayeanza leo.

Msimu nao una la kusema. Vyambo vya juu huanza kufanya kazi vizuri maji yakipita nyuzi 15 za Selsiasi. Lakini mwishoni mwa majira ya kuchipua, dume hulinda mayai kwenye kina kifupi, na hugonga chochote kinachopita kwa mdomo uliofungwa. Ukiona mapigo yanayokosa yakirudiwa mahali palepale, karibu na ukingo, kwenye changarawe, huyo hali, anafukuza. Mwache. Kwenye Maziwa Makuu, ambako samaki vamizi aina ya goby ameenea tangu miaka ya 1990, dume akiondolewa kwa dakika chache tu mayai yanaweza kuliwa. Baadhi ya majimbo ya Marekani na mikoa ya Kanada yana tarehe zao za kufungua na kufunga uvuvi wa besi. Msomaji aliyeko Ohio, Minnesota au Ontario asome kanuni za mwaka huo pamoja na kukata leseni, na aangalie kama maji anayokwenda yana sheria yake ya pekee.

Ukirudi nyumbani, usiifungie Spook yenye manyoya mabichi kwenye kisanduku. Itundike hewani usiku kucha. Manyoya yenye maji yatakula ncha za ndoana za vyambo vyote vilivyolala nayo, na Jumamosi ijayo kila kimoja kitateleza juu ya ukucha.